Tumalize Chumba Kimoja Kwanza

Maneno haya tuliyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kanisani kwa semina ya siku moja. Wengi waliomba yaandikwe, ili wale waliobaki nyumbani nao wayasome katika mikutano ya vikundi vyao.

Tumeombwa tuzungumze juu ya njia mpya za kusimamia kazi ya ujenzi. Mtu akisikia maneno hayo hufikiri tumekuja kuwaonyesha mashine. Mashine tutaitaja, lakini baadaye. Kwanza tutawaeleza habari za ukuta wetu ulioanguka, kwa sababu bila ukuta ule tusingejifunza lolote.

UKUTA ULIOANGUKA

Mwaka wa 2015 tuliamua kujenga shule ya chekechea. Watoto wetu walikuwa wakitembea mbali, na njiani wanavuka mto wa mchanga. Nyinyi nyote wa huku Ukambani mnaujua mto wa mchanga. Asubuhi unavuka kwa viatu vikavu, jioni umejaa na hauna huruma.

Tuliita harambee. Mgeni wa heshima akaja, fahali akachinjwa, pesa taslimu zikapatikana, na ahadi nyingi zikaandikwa daftarini. Jioni ile tulijiona matajiri. Tukajumlisha pesa na ahadi pamoja, tukaona zatosha vyumba vitatu. Wiki ya pili tukachimba msingi wa vyumba vyote vitatu kwa wakati mmoja.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Ahadi si pesa. Zaidi ya nusu ya ahadi zile hazijalipwa mpaka leo, na wengine walioahidi tukikutana nao sokoni wanageuza njia.

Kosa la pili lilikuwa simiti. Tulinunua mifuko 60 kwa mara moja kwa sababu mwenye duka alitupunguzia bei. Mchanga ulikuwa haujaletwa, maji hayakuwepo, na fundi alikuwa amekwenda kazi nyingine. Tukaipanga simiti sakafuni, ikiegemea ukuta wa ghala. Mvua za Novemba zikaja. Tulipofungua ghala mwezi wa Januari, mifuko 22 ilikuwa imekuwa mawe. Bei iliyopunguzwa ikawa bei ya juu kuliko zote.

Kosa la tatu ni kwamba hapana aliyejua nani anafanya nini. Fundi alikuja siku tusiyo na maji. Maji yakaletwa siku fundi hayupo. Kina mama walibeba mawe asubuhi nzima, kisha wakaambiwa kinachohitajika leo ni kokoto. Kila mtu alikuwa akitoka jasho, na nyumba haiendi mbele.

Kuta zikasimama miaka miwili bila paa. Tulizijenga kwa matofali yetu wenyewe ambayo hayakuiva vizuri, na katikati ya matofali tukatumia udongo ili kuokoa simiti. Juu hatukuzifunga kwa mkanda wa zege. Tulisema, "Hayo tutafanya pesa zikipatikana." Na kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine, mwalimu alikuwa akiwakalisha watoto kwenye kivuli cha ukuta kila asubuhi, upande wa magharibi.

Mwezi wa Machi 2018 mvua kubwa ilinyesha usiku wa Jumamosi. Jumapili tukielekea ibadani tulikuta ukuta umelala chini, upande uleule wa watoto. Viti vyao viwili vya mbao vilikuwa chini ya matofali. Ingekuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, leo tungekuwa tunawaeleza habari nyingine.

Katika mkutano uliofuata, mama mmoja mjane alisimama. Alikuwa ameuza mbuzi wake ili atoe mchango. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mbuzi wangu yuko sehemu gani ya ukuta huu?" Mwenyekiti alimtazama katibu, katibu akamtazama mweka hazina. Hakuna aliyeweza kumjibu.

TULIOWAENDEA KUJIFUNZA

Baada ya hapo kamati ilitaka kujiuzulu. Wanakikundi wakakataa. Walisema, "Mkiondoka nyinyi, wengine wataingia na kufanya makosa yaleyale. Afadhali mkae mjifunze." Basi tukaanza kuuliza.

Mchungaji alitukumbusha habari za Injili ya Luka sura ya 14, za mtu anayeanza kujenga mnara bila kukaa chini na kuhesabu gharama. Tuliinamisha vichwa, maana mtu huyo alikuwa sisi. Kisha akatupeleka kwa Nehemia. Nehemia alipofika Yerusalemu hakukimbilia kuita watu wachimbe. Kwanza alitoka usiku akaukagua ukuta. Halafu akagawa kazi. Someni sura ya tatu, mtaona majina mengi, na kila jamaa na sehemu yake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ule ulikwisha kwa siku 52. Watu walikuwa na maadui na shida nyingi, lakini kila mmoja alijua kipande chake.

Wazee nao walitukumbusha vikundi vya mabati. Miaka ya 1960 na 1970, kina mama katika sehemu za kati za Kenya walichanga pesa kidogo kidogo ili waondoe paa za nyasi. Hawakununulia kila mtu bati mbili mbili. Walimaliza nyumba ya mmoja, kisha wakaenda kwa mwingine, mpaka wote wakapata. Yule wa kwanza alilala pakavu, na wale waliobaki walikuwa na mfano wa kutazama kwa macho. Hata mwethya wetu ulikuwa hivyo: tunalima shamba la mmoja likaisha, ndipo tunahamia la jirani.

Jambo la tatu lilitoka mbali. Afisa mmoja wa maendeleo alitueleza juu ya Glenn Ballard na Greg Howell wa Marekani. Katika miaka ya 1990 watu hawa wawili walifuatilia kazi za ujenzi za makampuni makubwa, zenye mainjinia na kompyuta. Walihesabu kazi ambazo wakubwa walipanga zifanyike wiki ile, na zile ambazo kweli zilikwisha. Waliona kwamba karibu nusu tu ndizo zilizokwisha. Tena sababu mara nyingi haikuwa uvivu wa wafanyakazi. Kazi ilipangwa kabla vitu vyake havijawa tayari: ramani haijafika, vifaa havijaletwa, kazi inayotangulia haijakwisha.

Tulipoyasikia hayo tulicheka. Kumbe hata wenye kompyuta wana shida ya maji na mchanga! Dawa waliyoitoa ni rahisi. Atakayefanya kazi ndiye anayeahidi, na haahidi mpaka aone kila kinachohitajika kiko tayari. Mwisho wa wiki ahadi zinahesabiwa, na kwa kila iliyovunjika mnauliza sababu.

Kutokana na hayo yote tulibadilisha mambo matano. Tutayaeleza moja moja.

JAMBO LA KWANZA: CHUMBA KIMOJA

Tuliamua kumaliza chumba kimoja, kwa paa, mlango na madirisha, kabla ya kugusa cha pili. Kamati ilibishana juu ya jambo hili mikutano miwili. Wengine walisema wafadhili wakiona misingi mitatu watatuhurumia. Tukajibu kwamba misingi mitatu ilikuwa imeonekana miaka miwili, na waliohurumia walikuwa mbuzi tu waliopata mahali pa kulala.

Pesa iliyozikwa ardhini katika misingi mitatu haimfunzi mtoto. Pesa ileile ikiwekwa katika chumba kimoja, watoto wanaingia. Na mtu akiona chumba kilichokwisha, anapotoa mchango wa chumba cha pili anatoa kwa imani zaidi. Sisi ahadi hatukuziandika tena kama pesa. Daftari lina kurasa mbili: ukurasa wa pesa na ukurasa wa ahadi. Tunajenga kwa ukurasa wa kwanza.

JAMBO LA PILI: KUHESABU KUTOKA MWISHO

Zamani tulipanga kuanzia mwanzo: tutachimba, halafu tutajenga, halafu Mungu atajua. Mara hii tulianza kutoka mwisho. Tulisema, mvua za Oktoba zisitukute bila paa. Paa liwe juu kufikia tarehe 15 Oktoba. Kisha tukarudi nyuma hatua kwa hatua.

Ili paa likwishe tarehe hiyo, mbao na mabati yawe hapa kabla ya Septemba kuisha. Ili paa lipate pa kukaa, mkanda wa zege juu ya kuta uwe umemwagwa mwanzoni mwa Septemba, kwa sababu zege huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Ili mkanda umwagwe, kuta ziinuliwe mwezi wa Agosti. Ili kuta ziinuliwe, msingi uwe tayari Julai, na matofali yawe yamekwisha kutengenezwa na kukomaa. Kwa hivyo matofali yaanze Juni. Basi tukajua kwamba Juni ndiyo mwanzo, wala si Agosti kama tulivyokuwa tukifikiri.

Kalenda hii ilitusaidia pia upande wa pesa. Ilituonyesha kwamba pesa za mabati hatuzihitaji mpaka Septemba. Simiti tulinunua ya wiki mbili tu kila mara. Tuliiweka juu ya mbao, mbali na sakafu na mbali na ukuta, na mifuko iliyotangulia kuja ndiyo iliyotangulia kutumika. Hatukupoteza hata mmoja.

JAMBO LA TATU: AHADI ZA KILA WIKI

Kila Jumapili baada ya ibada tulikaa chini ya mwembe kwa nusu saa. Tulikuwa na ubao mweusi wa zamani na chaki. Kila mwenye kazi alisimama mwenyewe akasema wiki hii atafanya nini na siku gani. Mwenyekiti hakuruhusiwa kumwahidia mtu mwingine. Kabla ya ahadi kuandikwa, wote tuliuliza: vifaa vipo? Maji yapo? Watu wapo? Kazi inayotangulia imekwisha? Pesa yake iko mkononi? Jibu moja likiwa hapana, ahadi ile haiandikwi. Badala yake tunaandika kazi ya kuondoa kizuizi.

Wiki ya kwanza ahadi zilikuwa nane. Zilizotimia zilikuwa tatu. Tuliona aibu, lakini tuliandika sababu za zile tano. Wiki ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi tulisoma sababu zote, tukashangaa. Miaka yote tulikuwa tukisema vijana ni wavivu. Ubao ulisema sababu kubwa ni maji. Punda walikuwa wakienda mtoni asubuhi, wanarudi saa tano, na wakati huo fundi amekaa, jua limekuwa kali, na vibarua wameanza kurudi nyumbani.

Tuliazima mapipa mawili, tukaweka sheria kwamba yajazwe jioni kwa ajili ya kesho. Ni hivyo tu. Kazi ikaanza saa moja asubuhi badala ya saa tano. Hatukuongeza mtu, wala shilingi, ila mapipa mawili ya kuazima. Kufikia wiki ya kumi, kati ya ahadi nane saba zilikuwa zikitimia.

Lakini hapa tuna onyo. Ubao unaweza kugeuka mahakama. Wiki moja tulimsimamisha kijana ambaye hakuleta mchanga, watu wakamcheka. Hakurudi kazini wiki tatu, na baadaye tukajua kwamba mama yake alikuwa amelazwa. Tulikwenda kwao tukamwomba msamaha. Tangu siku hiyo hatuulizi, "Ni nani aliyeshindwa?" Tunauliza, "Ni nini kilichozuia?" Swali la kwanza linafundisha watu kusema uongo. La pili linaleta mapipa.

JAMBO LA NNE: PESA NA GHALA

Hapa ndipo vikundi vingi hufia, kwa hivyo tusikilizane vizuri.

Zamani tulimlipa fundi kwa siku. Siku zikawa nyingi, nyumba ikawa fupi. Au tulimpa nusu ya pesa mwanzoni, tukaanza kumtafuta. Sasa tuliandika mapatano kwa karatasi, yakasainiwa mbele ya mzee wa kijiji. Kazi iligawanywa katika hatua: msingi, kuta mpaka linta, mkanda wa zege, paa, na kumalizia sakafu na milango. Kila hatua ina malipo yake. Hatua ikikwisha, watu watatu wanaikagua kwa timazi, kwa pima maji na kwa macho, ndipo fundi analipwa palepale bila kuzungushwa. Kulipa kwa wakati ni sehemu ya mapatano. Fundi asiyelipwa atakwenda kwingine, na hana makosa. Sehemu ndogo ya mwisho inabaki mpaka mvua ya kwanza inyeshe, tuone kama paa linavuja.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, vikundi vimepata njia nzuri ya kuweka kumbukumbu. Malipo tuliyafanya kwa simu, na ujumbe wa malipo ukasomwa mbele ya mkutano Jumapili. Lakini simu peke yake haizuii mkono mrefu. Lazima viongozi wawili wakubaliane kwa maandishi kabla pesa haijatoka.

Ghala lina kufuli mbili na funguo mbili, kila mmoja kwa mtu wake. Daftari la ghala lina safu nne: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kazi kilikokwenda. Hii safu ya mwisho ndiyo tuliyokuwa hatuna. Mfuko wa simiti ukitoka, inaandikwa "linta ya dirisha la mashariki." Basi yule mama akiuliza tena habari za mbuzi wake, tuna mahali pa kumwonyesha kwa kidole.

JAMBO LA TANO: MATOFALI YASIYOCHOMWA

Sasa tumefika kwenye mashine. Wengi wenu mmeyaona matofali ya udongo na simiti yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe. Mashine za mkono za kushindilia udongo si jambo la jana. Miaka ya 1950 huko Colombia, Raúl Ramírez alitengeneza mashine iliyoitwa CINVA-Ram, nayo ikaenea nchi nyingi. Hizi za kisasa za matofali ya kushikana ni za ukoo huohuo. Tulikodi mashine, hatukununua, kwa sababu mashine ya kununua ingelala baada ya miezi miwili.

Faida tulizoziona ni hizi. Hayachomwi, kwa hivyo hatukukata mti hata mmoja. Yanatengenezwa palepale, kwa hivyo hakuna lori. Yanashikana, kwa hivyo simiti ya katikati inapungua sana, na ukuta unakwenda haraka.

Lakini si kila udongo unafaa. Udongo wa juu wenye mizizi na mbolea haufai kabisa. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi nao tuliuacha. Chimbeni wa chini. Kisha tengenezeni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Pakeni mafuta ndani, mjaze udongo uliolowana, mshindilie vizuri, mwache ukauke kivulini kama wiki moja. Ukikauka usukumeni upande mmoja, mpime nafasi iliyobaki. Nafasi ikiwa kubwa, udongo una mfinyanzi mwingi na utahitaji simiti zaidi, au uchanganywe na mchanga. Sanduku hili halina gharama, na litawaambia kama mradi unafaa kabla hamjakodi kitu.

Kwa kuchanganya, udongo upite kwanza kwenye chujio la waya. Changanyeni udongo na simiti vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo mnyunyize maji. Chukueni konzi moja, mfinyange mpira, mwuangushe kutoka usawa wa kifua. Ukivunjika vipande vichache, maji ni sawa. Ukisambaratika wote, maji ni machache. Ukibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Na mchanganyiko ukishatiwa maji utumike mara moja. Usingoje watu wale chakula cha mchana.

Sasa tukiri kosa letu. Matofali 200 ya kwanza tuliyaanika juani kama tulivyozoea kuanika yale ya kuchoma. Pembe zikawa zinapukutika kama mkate mkavu. Simiti haitaki kukauka haraka; inahitaji maji ili ishike. Matofali yote yaliyofuata tuliyaweka kivulini, tukayafunika kwa karatasi ya nailoni, na tukayanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Baada ya hapo tuliyaacha yakomae zaidi kabla ya kujenga. Yale 200 tuliyatumia kwenye njia ya kwenda chooni, yapo hapo kama ukumbusho.

Zege la mkanda na la linta tulilipima kwa sanduku, wala si kwa kukisia kwa beleshi: simiti sanduku moja, mchanga mawili, kokoto manne. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hivyo sanduku la lita 35 linalingana na mfuko mmoja. Maji kwa mfuko ni kama lita 25. Vibarua wanapenda zege la maji mengi kwa sababu ni rahisi kusukuma. Zege la uji ni zege dhaifu. Baada ya kumwaga, lilowanisheni kwa siku saba.

FUNDI WETU MZEE

Fundi wetu amejenga zaidi ya miaka 30. Alipoona mashine, ubao na kalenda, alikasirika. Alisema, "Mnataka kunifundisha kazi kwa chaki?" Wengine wetu walitaka aondolewe, aletwe kijana aliyepata kozi.

Tulimshukuru Mungu hatukufanya hivyo. Siku ya kuchimba msingi mpya, vipimo vya karatasi vilikuwa vimefikiwa, na yule kijana alitaka zege limwagwe. Mzee aliingia mtaroni, akashika udongo, akasema, "Hapa bado ni udongo mweusi. Ukinywa maji utavimba, ukikauka utapasuka. Chimbeni mpaka mfikie ule mgumu." Tulichimba futi moja na nusu zaidi, tukaukuta. Ile sehemu ya ukuta iliyoanguka ilikuwa imesimama juu ya udongo huohuo.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama mbele ya ubao kila Jumapili. Jambo jipya likija kumdharau mwenye ujuzi wa zamani, limekuja vibaya. Wekeni yote mawili pamoja.

Jingine ni hili. Mambo haya yote ni ya nyumba ya chini tu, ya chumba kimoja au viwili. Hata hiyo, ramani yetu ilikaguliwa na mtaalamu wa ujenzi wa serikali kabla hatujaanza, na ya choo na afisa wa afya. Ghorofa ni kazi ya injinia aliyesomea na kuidhinishwa. Mnakumbuka jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa mvua mwezi wa Aprili 2016 na kuua watu wengi. Ujenzi si mahali pa kubahatisha na maisha ya watu.

TULIFIKA WAPI

Hatutawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Tuliahidi paa tarehe 15 Oktoba 2018. Lilikwisha tarehe 24, na mvua ilikuwa imetutangulia kwa siku mbili. Mbao zilichelewa. Lakini siku tisa si miaka miwili, na kuta zilikuwa zimefungwa kwa zege, hazikutikisika. Januari 2019 watoto waliingia ndani. Chumba cha pili kilikwisha mwaka huohuo, kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa tulikuwa tumejua njia. Cha tatu kilisimamishwa na korona mwaka wa 2020, tukakimaliza 2021. Kiliposimama, hakukuwa na kuta zilizo wazi za kuogopwa. Tulikuwa tumefika mwisho wa hatua, tukafunga ghala, tukangoja.

Yule mama mjane ndiye aliyechaguliwa kushika ufunguo mmoja wa ghala. Siku moja alifungua daftari, akapitisha kidole mpaka akafika palipoandikwa siku aliyotoa mchango wake mpya. Palikuwa na mifuko miwili ya simiti, kazi: linta ya mlango. Alisimama mlangoni akaitazama juu kwa muda. Hakusema kitu, akaenda zake kuchota maji ya mapipa.

MASWALI YA KURUDI NAYO NYUMBANI

Tunapomaliza, tunaomba kila kikundi kikae na kujibu maswali haya kwa ukweli.

1. Mradi wetu una misingi mingapi iliyo wazi? Tunaweza kumaliza upi kwanza?
2. Daftari letu limetenga pesa na ahadi, au tumezichanganya?
3. Mvua ijayo itatukuta katika hatua gani? Tukihesabu kutoka mwisho, ilitupasa kuanza lini?
4. Wiki iliyopita tulipanga kazi ngapi, na ngapi zilitimia? Ni nini kilichozuia zile nyingine?
5. Mwanachama maskini kuliko wote akiuliza mchango wake uko wapi, tunaweza kumwonyesha?
6. Je, kuna ukuta wowote katika mradi wetu ambao watoto hukaa karibu nao, nasi tunajua si imara?

Kama jibu la swali la sita ni ndiyo, msingoje mkutano. Rudini leo mkawaondoe watoto hapo, halafu ndipo mkae mpange.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.